Mfupa wa Adey

Simu ilinikuta nikichambua mchele. Mwanamke kijana, mwenye sauti ya watu wa Meru, aliniuliza kama mimi ndiye Sahra wa Bulla Pesa. Nikamwambia akina Sahra wa Bulla Pesa ni wengi kama mbuzi siku ya mnada, anamtaka yupi? Akasita kidogo, halafu akasema, "Yule wa meno." Hapo nikaweka ungo chini. Alikuwa Kendi, binti wa Daktari Kirimi, daktari wa meno aliyezikwa mwezi uliopita huko kwao mlimani. Siku ya mazishi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa ya hema na buibui langu, nisijue nimpe nani pole. Kendi alisema wanasafisha chumba cha kazi cha babake. "Auntie, kwa droo tumepata mfupa ya ng'ombe. Imefungwa na kitambaa ya maua. Mimi nilitaka kutupa, lakini mama akasema wacha, hiyo ni ya watu ya Isiolo, tafuta Sahra." Jumamosi akateremka nao mwenyewe, akaketi kwangu, akanywa chai, akauweka mezani kati ya vikombe.

Kitambaa nilikitambua kabla ya mfupa. Kilikuwa kipande cha shiti ambacho zamani kilikuwa na maua ya zambarau, na sasa maua yenyewe unayaona tu ukijua yalikuwapo. Upindo wake ulikuwa umefumuka upande mmoja. Mishono iliyobaki ilikuwa midogo, imebanana, imelalia kushoto, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeshona hivyo ila Ayeeyo, nyanya yangu. Niliweka kiganja juu yake. Kendi alikuwa akinieleza habari za msiba, nani alikuja, nani hakuja, nami nilikuwa nikiitikia vizuri tu, lakini sikuwa tena pale. Nilikuwa katika chumba chetu cha zamani, asubuhi, na jua limeingia kwa dirisha dogo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nikiishi na Ayeeyo katika vyumba viwili vya kupanga. Kwetu Wasomali nyanya na mjukuu huitana kwa jina moja. Mimi namwita Ayeeyo, naye ananiita Ayeeyo, hata mtu akisikiliza nje ya mlango angedhani ni vikongwe wawili wanapiga soga. Nilifundisha chekechea hapo hapo mtaani, na watoto wangu walikuwa katika umri wa kung'oka meno. Kila mara mmoja alinijia na jino limelala kiganjani, tukatoka sote uani, akalitupa juu ya mabati na kuomba jipya. Nilipenda sana ile sauti ya jino dogo likibiringika juu ya paa. Siku moja nikiwaimbisha, msichana wa mstari wa mbele akanyoosha kidole. "Mwalimu, jino yako inacheza!" Darasa zima likashangilia. Mwingine akaniliwaza, "Usiogope mwalimu. Utarusha kwa mabati, ingine itamea." Nilicheka nao, lakini mkono ulikuwa umeshafunika mdomo. Kwa wiki nyingi ulimi wangu ulikuwa umejua jambo hilo. Meno mawili ya mbele juu yalisogea nilipoyagusa, na nilipoamka asubuhi nilionja damu.

Ayeeyo hakuwa na meno ya mbele. Yalimwacha akiwa bado mwanamwali, kabla hata ya kuzaa, na dadake vilevile. Nyumbani jambo hili lilisemwa kama linavyosemwa kimo au rangi ya macho: meno ya ukoo wetu hayakai. Chakula chake kilipondwa. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kukaangwa ambayo sisi wengine tuliitafuna tukitembea, yeye aliiweka shavuni akainyonya, macho yamefumba. Alikuwa fundi wa kushona kwa mkono, tena fundi kweli, na kila alipofika mwisho wa uzi aliniita. "Ayeeyo, njoo unikatie." Nikainama, nikauma uzi karibu kabisa na kitambaa, tik, yeye akaendelea. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mtoto mdogo. Makasi tulikuwa nayo, yalining'inia kwenye msumari, lakini uzi wa Ayeeyo ulikatwa kwa meno yangu. Siku aliyoniita nami nikasimama tu mbele yake bila kuinama, aliniangalia usoni muda mrefu. Halafu akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba, kama mnunuzi anavyofanya kwa mbuzi sokoni, na akauachia polepole. Alienda akachukua makasi.

Kliniki ya Daktari Kirimi ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la vipuri, na ngazi yake ilinuka mafuta ya gari mpaka katikati, kisha ikaanza kunuka karafuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vizito ambavyo hungedhani vingeingia mdomoni mwa mtu. Alipima fizi zangu kwa kijiti cha chuma, akapiga picha ya eksirei, akaishika mbele ya dirisha ili tuone sote. Ayeeyo alikuwa amekuja nami. Kwenye picha meno yangu yalionekana meupe na mazima, ila pale mzizi ulipopaswa kushikwa na mfupa palikuwa na kiza. Akaeleza kwamba jino halina ubaya, ubaya uko kwenye kiti lilichokalia. Kuna vijidudu vinavyokaa chini ya ufizi na kula mfupa taratibu, na kuna familia ambazo vinazianza mapema, wakati watu bado vijana. Akasema atafungua ufizi, asafishe mizizi, kisha ajaze lile shimo kwa chembechembe za mfupa zilizoloweshwa dawa. Dawa ya kumeza huzunguka mwili mzima na kufika pale imechoka. Hii ingekaa ndani ya chembe zenyewe na kutoka kidogo kidogo, siku baada ya siku, ikilinda mahali pale hasa. Na wakati dawa inatoka, mfupa wangu mwenyewe ungepata pa kukanyaga, uanze kupanda, na ufizi uushike tena. "Si lazima ikubali," alisema. "Lakini tusipojaribu, hizi mbili zitaenda, na zile za pembeni zitafuata."

Nilikuwa tayari kulala kwenye kile kiti saa ile ile. Lakini Ayeeyo aliuliza, "Hiyo mfupa inatoka wapi?" Daktari akamjibu bila wasiwasi kuwa ni mifupa ya ng'ombe, imechomwa kwa moto mkali mpaka nyama na mafuta yote yametoka, imebaki ile sehemu ngumu tu. Akatuonyesha kichupa kidogo, ndani mna kitu kama chumvi ya mawe. Ayeeyo akakitazama akiwa amekunja mikono. "Hiyo ng'ombe ni ya nani?"

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha. Ayeeyo hakucheka. "Ni ya nani? Alichinja nani?"

"Nyanya, hii inatoka kiwandani, ng'ambo. Hata mimi siwezi jua."

"Hakuna ng'ombe haina mwenyewe," Ayeeyo alisema, na akainuka.

Mtu asiyekulia Isiolo anaweza kudhani huo ulikuwa ukaidi wa uzee. Lakini katika mji ambao mnyama akikatiza barabara watu hutazama alama ya sikio lake kabla ya kutazama gari, ng'ombe asiye na mwenyewe ni ng'ombe wa wizi, na anayemla anakula deni la damu. Ayeeyo alikuwa ameona watu wakifa kwa ajili ya ng'ombe wa namna hiyo. Nilimpeleka kwa sheikh wa mtaa, ambaye alimsikiliza kwa heshima na kumwambia tiba ni halali na dini si ngumu. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Sheikh anajua kitabu. Mimi najua ng'ombe." Nilimsihi, nikalia, nikanuna. Akanijibu mara moja tu, kwa sauti ya chini. "Nyama unakula, inapita. Hii itakaa kwa taya yako mpaka kaburi. Siku ya Kiyama mwenyewe akikuja aseme ng'ombe yangu iko hapa, utamrudishia nini? Taya?" Kuasi ningeweza, nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara wangu mdogo. Sikuasi, kwa sababu ndani yangu na mimi niliamini kidogo.

Basi tukangoja, na ule mngojo ndio ninaoukumbuka zaidi kuliko vyote, maana ulikuwa kama homa isiyopanda wala kushuka. Daktari alinisafisha fizi kwa nje, akayafunga meno yangu ya mbele kwa waya mwembamba ili yasiyumbe, akanikataza kuyatumia kuuma kitu chochote. Tulikula chakula kimoja mimi na Ayeeyo, anjera laini kama chapati za maji, iliyoloweshwa kwa chai, uji, maziwa ya ngamia yaliyonuka moshi wa kibuyu. Tulitafuna bila kutafuna, tukitazamana. Alasiri nilijilaza kwenye mkeka, na nje kwenye kivuli cha ukuta wanawake waliopanga kwenye ploti yetu walichambua mboga na kuchambua maisha yangu. "Msichana mzuri hivyo," mmoja alisema. Mwingine akamjibu, "Mzuri leo. Akifungua mdomo mwaka ujao utaona nyanyake." Wakanyamaza, nikajua Ayeeyo amepita. Nilipolala niliota ng'ombe weupe wakiingia mdomoni mwangu mmoja mmoja, kwato zao hazina sauti, wanatafuta malisho penye kile kiza cha picha. Hawakunitisha. Nilichoogopa katika ndoto ni mtu aliyesimama mbali na fimbo, akiwahesabu.

Gego moja la chini halikungoja. Lilivimba, likatoa usaha, Daktari akaling'oa, nikarudi nyumbani nalo ndani ya pamba. Ayeeyo alilipokea, akaligeuzageuza. Jino zima, zuri, mizizi mirefu, halina hata doa. Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, na nilifadhaika kuliko nilivyofadhaika kwenye kiti cha daktari. Baadaye alipomaliza kuswali alasiri nilimsikia kupitia pazia, akiongea na Mungu kama mtu anayeongea na jirani waliyezoeana. "Yangu ulichukua, sikusema kitu. Dada yangu pia, sikusema. Huyu nakuomba." Kesho yake hakuwapo nilipoamka. Alikuwa amekwenda kwa mpwa wake nje ya mji, aliyemtunzia ng'ombe wake wachache.

Alirudi na mfupa. Ulikuwa mfupa wa mguu wa Adey, ng'ombe wake mweupe, aliyechinjwa Idd iliyopita na watu wakamla sadaka. Aliutafuta mwenyewe kwenye rundo la mifupa nyuma ya boma. Aliuchemsha, akausugua kwa majivu, akauchemsha tena, kisha akaniambia nimwekee ngazi auanike juu ya mabati. Kwa siku kadhaa ulikaa huko kwenye jua kali, na mimi nikiwa darasani niliona paa letu kwa mbali na ile alama nyeupe juu yake. Watoto walipotupa meno yao nilijikuta nikitazama upande ule. Ulipokauka ukawa mweupe kama chaki, Ayeeyo akakata kipande cha shiti yake ya maua, akakipinda upindo pande zote nne, akaufunga. Uzi wa upindo huo aliukata kwa makasi, bila kuniita.

Kule kliniki aliingia kwa salaam aleikum. Daktari, ambaye alikuwa ameshajifunza, akaitikia aleikum salaam, nyanya. Ayeeyo akaweka mzigo wake kwenye trei ya vyuma na kuufungua. "Huyu ni Adey. Mama yake nilipewa na bwana yangu. Alizaliwa kwa mkono yangu, alichinjwa na bismillahi, kila mtu alikula. Huyu tunamjua. Saga huyu." Nilitamani sakafu inimeze. Daktari aliutazama mfupa, akamtazama Ayeeyo, na safari hii hakucheka hata kidogo. Aliuchukua kwa mikono miwili. Akavuta kiti, akaketi chini kuliko yeye, akamwambia kwamba zawadi hii hajawahi kupewa, lakini hawezi kuisaga, kwa sababu moto wa jikoni na jua la Isiolo haviwezi kuyatoa yote ambayo mwili wangu ungeyakataa, na akiiweka hivyo itaoza na kuniua. Ayeeyo alishusha macho kwenye trei. "Basi," alisema. "Basi nimeshindwa."

"Hujashindwa, nyanya. Nimesikia sasa ile kitu ulikuwa unauliza. Nipatie wiki mbili."

Alipotuita tena alikuwa na kichupa kingine. Chembe zilikuwa nyeupe zaidi, nyepesi, zenye vitundu vidogo unavyoviona ukizisogeza karibu na jicho. Akasema hizi hazikutoka kwa mnyama yeyote. Zimetengenezwa kwa madini, ndugu ya chokaa, yale yale yanayoufanya mfupa kuwa mgumu. Kazi yake ni ile ile, kubeba dawa na kuiachilia polepole, kisha mwili wangu utazila taratibu na kuweka mfupa wake. Akamwagia Ayeeyo chembe mbili tatu kiganjani. Ayeeyo akanusa. Akaweka moja kwenye ulimi, akaipeleka huku na huko kwa fizi zake tupu, akaitema kwenye kitambaa chake. "Ni mawe," alisema. "Mawe ni ya Mungu. Weka." Kisha akajitanda mtandio wake aondoke, na Daktari akamkumbusha mfupa wake. Ayeeyo akakataa kuugusa. Kitu kikishatolewa hakirudi, akasema, huo sasa ni wako.

Siku ya kufunguliwa ufizi Ayeeyo alikaa kwenye kigoda miguuni pangu na kunishika vifundo vya miguu tangu mwanzo mpaka mwisho. Sindano ya ganzi iliniondolea uso. Nilisikia vyuma vikigusana mbali sana, nikasikia pikipiki barabarani na mwadhini wa adhuhuri, na juu yangu vile vidole vizito vikisogea kwa upole. Daktari alichanganya chembe na dawa kwenye kikombe kidogo cha kioo, zikageuka manjano hafifu, akaziweka kidogo kidogo kama mtu anayepanda mbegu. Mwisho akashona. Ayeeyo alisimama, akamwomba apishe, akaangalia ndani ya mdomo wangu kwa tochi. Alitazama mishono kwa muda. "Huyu anajua kushona," akaniambia kwa Kisomali, na nikaona kwamba ameniacha mikononi mwa Daktari kabisa.

Miezi iliyofuata ilikwenda taratibu, mvua ikaja na kuondoka. Wakati mwingine nilihisi uchungu hafifu wa dawa nyuma ya mdomo, nikafurahi, nikajua bado inatoka, bado inalinda. Tuliendelea na anjera na uji. Nilifundisha nikiwa nimefunga midomo nusu, watoto wakaniiga, tukawa darasa zima la watu wanaonong'ona. Siku ya picha nyingine Daktari aliishika mbele ya dirisha lile lile, na pale palipokuwa na kiza palikuwa na wingu jepesi, jeupe, limepanda karibu nusu ya mzizi. Akakata waya. Akagusa meno kwa kidole. Hayakusogea. "Imeshika," alisema. "Sasa uma kitu, Sahra. Wewe tu ndiye umebaki kuiamini."

Sikuuma. Niliogopa, na Ayeeyo naye aliogopa, tukaendelea kula chakula cha wazee bila mmoja kumtajia mwenzake. Makasi yalikuwa yamehamia mapajani mwake moja kwa moja. Kila nilipoyasikia yakikata uzi, nilihisi kwamba mimi si mjukuu wake tena, ni mgonjwa wake tu. Hali hiyo iliniumiza kuliko sindano yoyote. Halafu asubuhi moja, nikipiga pasi nguo ya shule, akaniita. Alikuwa ameshika shuka, uzi umefika mwisho, na makasi yalikuwa yamerudi kwenye msumari.

"Ayeeyo, njoo unikatie."

Nilipiga magoti. Aliweka kiganja chake chini ya kidevu changu, kama anayekinga kitu kisianguke. Nikauma. Tik. Akashika meno yangu mawili kwa kidole gumba na cha shahada, akayatikisa kwa nguvu zake zote za uzee, nayo yakakaa. Akaketi nyuma. "Sasa wewe wote ni wa kwetu," alisema. "Hakuna mtu atakuja kudai." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye anacheka, fizi zote nje, bila kujifunika.

Ayeeyo amekufa miaka mingi sasa. Kendi aliniambia Jumamosi ile kwamba babake aliuweka mfupa wa Adey kwenye dirisha la kliniki mpaka alipostaafu, na kila mgonjwa aliyehitaji kuwekewa mfupa alimwambia kwanza umetoka wapi, kabla hata hajaulizwa. Wagonjwa wakimuuliza ule wa dirishani ni wa nini, alijibu kwamba ndio mfupa pekee mle ndani ambao anamjua mwenyewe wake. Kendi alisema hayo huku akijifuta macho, akataka kujua kama ninauchukua au aurudishe. Nikamwambia auache pale pale mezani. Nilitoa sindano na uzi, nikavuta kiti dirishani, nikaurudishia upindo uliofumuka, mishono midogo, imelalia kushoto kadiri nilivyoweza. Nilipofika mwisho Kendi aliinuka. "Auntie, makasi iko wapi nikuletee?"

Nikamwambia aketi. Nikainama, nikauma uzi karibu kabisa na kitambaa.